Nilichokiona Ndani ya Pampu ya Ogada

Mama mmoja wa Soin alinipigia simu Jumatano. Hakunisalimu. "Wewe Omariba, sema haraka, Ogada alipona? Maana wiki jana uliachia mahali pabaya, na mimi niko na presha."

Mama, Ogada hakupona. Pole kwa presha.

Na kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa nyama kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni fundi wa pampu za diseli, Mkisii niliyelowea Mogogosiek huu mwaka wa ishirini na tatu. Nilikuwa na kazi kwenye gereji ya shamba kubwa la chai, mashine za kuchuma zikaletwa, wachumaji wakaambiwa waende nyumbani, na sisi mafundi wa zamani tukafuata. Mke wangu Nyamusi akarudi kwao akisema anaenda kusalimia tu. Hiyo salamu sasa ina miaka miwili.

Nikabaki na kibanda cha mabati kando ya barabara, na rafiki mmoja. Ogada, Mjaluo mrefu wa maneno machache, dereva wa trekta ya mama mmoja anayeitwa Cherotich. Trekta hiyo ilikuwa nzee kuliko dereva wake. Kazi yake ni kuvuta trela la majani chai ya wakulima, kutoka vibanda vya kupimia hadi kiwandani.

Wiki jana niliishia pale trekta ilipopinduka na kumlalia. Niliandika pia kwamba siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeitengeneza pampu yake, na kwamba niliitengeneza vizuri.

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Leo nalirekebisha, na anayetaka kunitukana nambari yangu anayo.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ogada alifika kibandani akikokotwa na trekta nyingine, trela limejaa magunia, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Konoin.

"Omera, ndugu yangu, hii kitu imenikataa. Inashika na shida, na ikishika inazimia kwa mlima."

"Filta ulibadilisha?"

"Jana. Mpya kabisa."

"Moshi?"

"Nyeupe. Inakohoa, halafu kimya."

Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa. Mapovu. Nikapampu kwa mkono mpaka diseli ikatoka safi, nikakaza, tukawasha, ikanguruma. Nikaizima, nikanywa chai kikombe kimoja, nikalegeza tena. Mapovu tena.

Kwa hiyo kuna mahali hewa inaingia. Nikapangusa pampu yote kwa kitambaa kikavu, nikamwambia awashe, nikainama kutazama. Haikuchukua muda. Juu ya pampu kuna vijiti viwili vinavyoingia ndani, kimoja cha akseleta na kingine cha kuzimia injini. Kila kijiti kina kipete chake cha mpira, kidogo kuliko pete ya mtoto. Vipete vyote viwili vilikuwa vimekauka na kupasuka. Injini ikiwaka, diseli inatoka jasho hapo. Ikizimwa, hewa inaingia papo hapo.

Ugonjwa mdogo. Dawa yake nayo ilikuwa ndogo, vipete viwili halisi vya pampu, na vilikuwepo Kericho mjini, kwa Zack.

Sasa Zack nilimfundisha mimi kushika spana. Leo ana duka la vioo, ana mashine ya kupimia pampu, na bango lenye picha yake mwenyewe akitabasamu. Ningeenda kwake ningerudi kabla ya saa nane mchana. Lakini moyo wangu ulikataa katakata. Mimi Omariba nisimame mbele ya kaunta ya Zack, niombe mpira?

Na majani nayo hayangoji. Jani likikaa ndani ya gunia linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwanda hakilipokei. Ogada alikuwa akitia mkono kwenye magunia kila dakika, kama mama anayempima mtoto homa.

"Yanaiva, omera. Yanaivia kwa gunia."

"Leta ile tyubu ya wilbaro hapo nyuma yako," nikamwambia.

Akaileta. Akaivuta kwa mikono miwili ikanyooka, na mimi nikakata vipete viwili kwa wembe. Nilikata vizuri. Mkono wangu haujawahi kuwa na shida.

"Hii itakaa?" akauliza.

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni Omariba."

"Basi."

Tukacheka. Trekta ikashika mara moja, na Ogada akaondoka akinipungia mkono juu ya kelele. Cherotich aliponipigia simu kuuliza ilikuwa na nini, nikamwambia ni hewa tu, nimeitoa.

Wasomaji wangu, fundi yeyote wa diseli, hata wa wiki moja, anajua kwamba mpira wa tyubu na diseli havikai pamoja. Mpira ule unainywa diseli, na ukiinywa unavimba. Nilijua. Nilijiambia ni wa siku moja mbili, Jumatatu nitashuka Kericho nikamchukie Zack mchana kweupe na kununua vipete vyake. Jumatatu ikaja na lori la mtu, nikaanza lori.

Jioni hiyo ya Jumatatu Ogada akapiga simu.

"Omera, akseleta inakuwa nzito. Nikitoa mguu, inakawia kurudi."

"Ni mipira mipya. Itazoea."

"Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo sauti yake ya mwisho masikioni mwangu. Hakubishana. Mtu aliyekuamini habishani nawe, na mimi hilo linaniuma kuliko yote.

Jumanne alikuwa akiteremka na trela limejaa. Chini ya mteremko kuna kibanda cha kupimia, na wanawake kama ishirini walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao. Akatoa mguu kwenye akseleta. Haikurudi. Akavuta waya wa kuzimia. Haukuvutika. Vijiti vyote viwili vilikuwa vimebanwa na mpira wangu. Akakanyaga klachi ili injini isivute, basi trela zito likaanza kumsukuma kutoka nyuma, na breki za trekta ile nzee hazikuweza uzito huo.

Aliikata kulia, ikaingia kwenye chai na kupinduka kabla haijafika kwa wanawake. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo isipokuwa yeye.

Lakini wale wanawake waliona nini? Waliona trekta ikija inapiga kelele kama ina wazimu, inayumba huku na huku, kisha inatoka barabarani. Ogada aliwahi kunywa. Aliacha miaka minne iliyopita, siku alipookoka, na hakurudia hata tone. Watu wanasahau miaka minne haraka sana. Kufikia jioni Mogogosiek nzima ilikuwa na neno moja. Ogada alikuwa amelewa.

Alhamisi saa nne asubuhi, wanawake wawili walisimama mlangoni pa kibanda changu. Cherotich, mwenye trekta, alikuwa amebeba kitu ndani ya gunia la majani. Nyuma yake alikuwa Syprose, mke wa Ogada, leso imefungwa kiunoni, macho mekundu.

Cherotich aliweka gunia juu ya meza yangu. Nikajua uzito wake kabla sijalifungua.

"Fundi, polisi wametasama breki, wametasama magurudumu, wameandika, wameenda," akasema kwa ile lafudhi yake ya taratibu. "Mimi nikasema hapana, hata pampu ifunguliwe. Kama ni mashine yangu ilimuua huyu mtu, nataka kujua. Na hapa kwetu anayejua pampu ni wewe."

"Shemeji," Syprose akasema, "mimi sina maneno mingi. Watu wanasema Baba Molly alikuwa amekunywa. Wanasema hata mbele ya mtoto. Fungua hiyo kitu. Ukiona chochote, sema tu."

Nikawaambia kazi ile haitaki macho mengi. Nikawatolea benchi nje, nikarudisha mlango.

Sikuhitaji kutafuta. Nilitoa skrubu mbili za kifuniko, nikajaribu kugeuza kijiti cha akseleta kwa vidole, hakikutikisika. Nikakigeuza kwa koleo, kikageuka kwa kukwaruza. Nilipokitoa, kipete changu kikatoka nacho kimevimba kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Cha pili vivyo hivyo.

Nilikaa nikavitazama. Vipande viwili vya mpira mweusi, ukiviangusha barabarani hata kuku hageuki. Ndivyo vilivyobeba jina la Ogada. Ningetoka navyo nje kwenye kiganja, basi hakuna mtu angesema tena ulevi mbele ya Molly. Ila watu wangesema kitu kingine, na wangekisema juu yangu. Polisi wangerudi. Cherotich angejua nilimdanganya kwenye simu. Zack angesikia.

Ndiyo, nilimfikiria Zack. Rafiki yangu yuko mochari na mimi nafikiria mtu wa bango. Nawaambia hivi ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Kulikuwa na jiko la makaa kando, nilikuwa nimeteleka chai. Nikainua sufuria, nikavitupa ndani. Vikatoa moshi mweusi, na ile harufu ya mpira nyinyi mnaijua.

"Unachoma nini, shemeji?" Syprose akauliza kutoka nje.

"Takataka."

Nikangoja aulize tena, hakuuliza.

Nilipofungua mlango nilikuwa nimeshanawa mikono. "Pampu haina kitu," nikasema. "Ni nzima."

Cherotich akachukua gunia lake. Hakuwa na ubaya yule mama, alionekana tu amechoka.

"Basi ni dereva," akasema. "Mungu amsamehe."

Nilimwona Syprose lilipomwingia lile neno. Hakulia. Alikaza leso yake akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Jumamosi tunazika. Wewe ndiye utaeleza."

Waliowahi kuzika Ujaluoni wanajua alimaanisha nini. Lazima mtu asimame aeleze kile kifo. Kilimkuta wapi, kilianzaje, nani alikuwa karibu, alisema nini. Kisipoelezwa, watu wanarudi kwao na maswali, na kila mmoja anamalizia hadithi anavyotaka.

"Kuna ndugu zake," nikasema.

"Ndugu zake hawajui trekta. Wewe ulikuwa rafiki yake, na ni wewe umefungua pampu."

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Cherotich alikuwa ametangulia, tulikuwa wawili tu. Syprose akasimama, akanigeukia.

"Shemeji, hakuna kitu unataka kuniambia?"

Ulimi ulikuwa tayari. Naapa ulikuwa tayari. Kisha nikasikia kinywa changu kikisema, "Pole tu, shemeji. Pole sana."

"Asante," akasema, akaenda.

Usingizi wa siku mbili zile sitausimulia.

Jumamosi tulipita Fort Ternan tukateremka kwa kina Ogada, kule ambako chai imeisha na miwa imeanza. Joto la kule si la koti, lakini mimi sikulivua. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kulia wa nyumba yake ndogo. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Molly alikaa mbele kando ya mama yake, sare ya shule, soksi nyeupe. Ana miaka kumi na mitatu. Kila akipita mtu na kunong'ona, aliinamisha kichwa.

Mwenye kuendesha shughuli alikuwa Amolo, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa sauti nzito ambaye hakuhitaji maikrofoni lakini alikuwa nayo. Wakasema wazee, wakasema wa kanisa. Kisha akaniita.

"Sasa rafiki ya ndugu yangu, fundi Omariba kutoka Mogogosiek, atatueleza hii kifo."

Nikasimama. Nikaishika ile maikrofoni kwa mikono miwili.

Nilieleza vizuri, msidhani nilishindwa. Nilieleza mteremko. Nilieleza wanawake ishirini na vikapu. Nilisema Ogada aliikata kulia kwa kusudi, akawaokoa, na hapo wengi wakalia, hata wanaume. Nikaona Molly ameinua kichwa. Nikajiambia, Omariba, umelipa, sasa keti.

Nilikuwa narudisha maikrofoni Amolo aliponizuia.

"Fundi, ngoja. Sisi tumesikia maneno huko nje, na ni leo tunataka kuyamaliza. Tunaambiwa ulifungua hiyo mashine wewe mwenyewe. Sema wazi mbele ya watu. Ilikuwa mashine, ama ilikuwa pombe?"

Hata watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya hema walitulia.

"Ya pombe sijui," nikasema. "Mashine ilikuwa nzima."

Nilijua nilichofanya kabla sauti yangu haijaisha kwenye spika. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitoa tu pumzi, wote kwa pamoja, na Molly akainamisha kichwa tena, mara hii mpaka kwenye magoti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi niliyaficha na kifo nikakificha, nikamwachia mtoto wa watu aibu yangu aivae pamoja na sare yake.

Tukazika. Nilitupa udongo kama wengine.

Baada ya hapo watu wakaenda kula. Mtu akanipa sahani ya ugali na nyama, nikakaa nayo kwenye kiti cha mwisho, chini ya ukingo wa hema. Sikula. Nikahisi mtu ameketi kando yangu. Alikuwa Syprose.

"Alikaa masaa matatu kabla aende," akasema. Alikuwa akitazama kaburi, hakunitazama mimi. "Hospitali. Watu wanafikiria hakuongea. Aliongea."

"Alisema nini?"

"Alisema mpira. Alisema mlikata tyubu ya wilbaro, yeye ameshika, wewe unakata. Alisema hiyo kosa ni ya watu wawili."

Nikaiweka sahani chini.

"Nikamwambia naenda polisi saa hiyo hiyo. Akanishika mkono, akakataa. Akasema, mwache Omariba aseme mwenyewe. Atasema. Namjua."

Namjua. Hivyo ndivyo alivyosema, mtu ambaye kifua kilikuwa kimevunjika. Nililia pale, wasomaji wangu, na sikulia kwa ajili ya Ogada. Nilijililia mwenyewe, maana yule Omariba aliyejulikana na Ogada sikuwa mimi.

"Siku ile nilisikia harufu," Syprose akaendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Nikajua ni nini unachoma. Nikanyamaza. Nikakungoja kwa barabara, nikakuuliza. Leo nikakupa maikrofoni. Amolo akakuuliza mbele ya mtoto wangu."

"Shemeji, nisikilize..."

"Ngoja nimalize. Mimi ni bibi yake. Ningesema mwenyewe, wangesema natetea bwanangu. Ndiyo nilikuwa nataka itoke kwako. Na alinishikisha ahadi, nikungoje mpaka azikwe." Akafunga leso upya, akakaza fundo. "Amezikwa."

Akainuka.

Alipita katikati ya viti, katikati ya watu walioshika sahani, na wote wakampisha njia kwa kuwa ni mjane. Mbele Amolo alikuwa akitangaza kwamba wageni waliotoka mbali waingie wapate chakula. Syprose alikuwa akienda moja kwa moja kwake.

Nami nikainuka. Nilikanyaga ile sahani, nikaangusha kiti, nikapita upande wa kaburi ili nifike haraka. Mpaka leo ninapoandika haya, nimejiuliza mara nyingi nilikimbilia nini pale, kumwahi niseme mwenyewe, au kumzuia asiseme. Ningependa kuwaambia ni lile la kwanza. Sijui.

Tulifika kwa Amolo kwa wakati mmoja, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, na mikono yetu yote miwili ikanyooshwa kuishika maikrofoni.

Amolo alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi na machozi yangu. Akaishusha maikrofoni polepole kutoka mdomoni, lakini hakuizima.

"Nani anaongea?" akauliza, na uwanja mzima ukamsikia.